Mechi ya Saa Nane: Tathmini ya Jumamosi za Michezo ya Vyuo kwa Watoto wa Wanajeshi Walio Misheni

Mechi ya raga ya kumpeleka mtoto ni ile ya saa nane, si ile ya saa kumi. Huo ndio uamuzi bora zaidi wa huduma hii, inayoendeshwa na shirika dogo la hisani hapa Nairobi kwa watoto ambao baba au mama ni mwanajeshi aliye misheni nje ya nchi. Watoto wa miaka 6 hadi 14 huchukuliwa Jumamosi kutazama timu za vyuo vikuu, na aliyebaki nyumbani halipi basi, kiingilio wala chakula. Jina la shirika hatulitaji, na wenyewe hawalitangazi. Orodha ya nyumba ambazo mwanajeshi hayupo si kitu cha kubandikwa ukutani, sembuse mtandaoni. Anayelihitaji atalisikia kwenye kota za jeshi, kwa akina mama.

Turudi kwenye saa. Jumamosi ya ligi, uwanja wa raga Nairobi kwa kawaida huwa na mechi mbili. Saa nane huchezwa Eric Shirley Shield, shindano la vikosi vya pili. Saa kumi ndipo vikosi vya kwanza huingia. Mechi ni ya dakika 80, lakini ukijumlisha mapumziko na majeruhi utakaa karibu saa moja na dakika 40. Ile ya saa kumi basi humalizika inapokaribia saa kumi na mbili kasorobo, na jua la Nairobi huzama mwendo wa saa kumi na mbili unusu, mwaka mzima. Basi lililojaa watoto likianza wakati huo kupenya kutoka Madaraka hadi Thika Road, litafika kambi ya Kahawa gizani na nusu yao wamelala vitini. Huduma hii hufika uwanjani saa saba unusu, hutazama mechi ya kwanza nzima, hubaki kwa kipindi cha kwanza cha ile kubwa, na kipenga cha mapumziko kikilia, mwendo wa saa kumi na moja kasorobo, watoto hupanda basi. Wakubwa hununa kwa kukosa kipindi cha pili. Na wanune.

Kuna faida nyingine ya mechi ya mapema ambayo sidhani wapangaji waliikusudia: watu ni wachache. Mtoto anamsikia nahodha akipanga skramu (lile kundi la kusukumana), anasikia mabega yakigongana, anasikia refa akieleza kosa. Marekani, ambako desturi ya kuwapeleka watoto wa wanajeshi kwenye michezo ya vyuo imeota mizizi na ambako Aprili ni mwezi wa mtoto wa mwanajeshi tangu 1986, uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake huchukua watu zaidi ya 107,000. Ni tamasha la aina yake, lakini mtoto wa miaka saba pale huona migongo na skrini. Hapa kwetu anaweza kumuuliza mchezaji mbona amefunga plasta sikioni, na akajibiwa.

Sasa uchaguzi wa viwanja, ambapo alama zinaanza kushuka. Watoto wa kambi ya Lang'ata kupelekwa kwa Strathmore Leos, timu ya raga ya Chuo Kikuu cha Strathmore, pale Madaraka ni jambo la akili: safari ni fupi, na Hospitali ya Kumbukumbu ya Wanajeshi iko Mbagathi, karibu, endapo mtu atateguka mkono. Lakini kuwatoa watoto wa Kahawa hadi Madaraka ilhali Blak Blad wa Chuo Kikuu cha Kenyatta ni majirani zao wa mlango kwa mlango, hilo halina utetezi. Ratiba ya ligi hutoka mapema, na mechi za nyumbani zinajulikana. Kinachotokea ni kwamba wapangaji wanataka kundi moja kubwa badala ya mawili madogo, kwa sababu kundi kubwa linahitaji basi moja. Bei ya uamuzi huo inalipwa na mtoto wa miaka sita anayekaa kwenye msongamano mara mbili kwa siku moja. Mean Machine wa Chuo Kikuu cha Nairobi wako katikati ya jiji na wangefaa kambi zote, wale wa Eastleigh na Embakasi wakiwemo. Tena wana hadithi inayopendeza ndani ya basi: timu iliundwa 1977 na mwaka huo huo ikatwaa Kenya Cup, taji la ligi kuu ya raga nchini.

Kwa walio chini ya miaka minane, raga si chaguo letu. Iwe mpira wa vikapu. Robo nne za dakika kumi kumi, mapumziko ya robo ni dakika mbili, ya katikati 15, na ubao wa alama unabadilika kila mara kiasi kwamba hata asiyejua sheria anajua nani anaongoza. Ukumbi wenye paa pia hauogopi mvua ya Aprili. USIU, chuo kikuu kingine cha hapa Nairobi, wana timu ya wanaume na ya wanawake, Strathmore wana Blades, na timu za wanawake zisiachwe nyuma, maana wasichana katika kundi hili ni wengi na kuna akina mama walio misheni vilevile. Mechi tamu kuliko zote ni pale chuo kinapokutana na Ulinzi Warriors, timu ya jeshi lenyewe. Mtoto ameletwa kushangilia wanafunzi, na upande wa pili wamo wenzake baba. Waandalizi wasimchagulie. Wampe kitambaa cha rangi zote mbili wamwache ahangaike.

Idadi ni nzuri: watoto 28 kwenye basi la watu 33, watu wazima watano, mmoja akiwa amesomea huduma ya kwanza. Hiyo ni mtu mzima mmoja kwa watoto sita hivi. Ndugu huketi pamoja, jambo ambalo safari nyingi za namna hii huliharibu kwa kuwagawa watoto kwa umri, kaka mkubwa akakaa nyuma na mdogo wake akalia mbele. Viti uwanjani ni vya pembeni, si nyuma ya milingoti. Nyuma ya milingoti unaona miguso (mpira unapowekwa chini nyuma ya mstari wa goli) vizuri, lakini ndiko kila mkwaju unakotua, na mpira wa raga ukiruka kutoka mita 30 haubishi hodi.

Mahali panapokwama ni chooni. Mapumziko ya raga hayazidi dakika 15. Watoto 28, vyoo vinne, dakika mbili kila mmoja: ni dakika 14, na hapo hujahesabu wageni wengine waliopanga foleni ile ile. Matokeo yake kundi la mwisho hukosa mwanzo wa kipindi cha pili cha mechi ya kwanza. Dawa ni rahisi: wadogo waondoke dakika tano kabla ya mapumziko, na maji yanywewe kidogo kidogo badala ya chupa nzima kugawiwa getini. Soda wameiondoa kabisa kabla ya safari ya kurudi, na dereva bila shaka anashukuru.

Chakula hakina mengi: chapati mbili, yai la kuchemsha, ndizi, maji nusu lita. Njugu hazimo, kwa ajili ya wenye mzio. Wauza smoki wa getini wanatazamwa kwa macho tu.

Kitu kinachoipandisha huduma hii juu ya safari za kawaida za hisani ni mtu anayeketi katikati ya watoto. Si mfanyakazi wa shirika. Ni mchezaji wa timu mwenyeji aliye na jeraha, ambaye siku hiyo hachezi. Kila timu ya raga ina watu kama hao, wamekaa benchini na goti limefungwa, hawana la kufanya. Kazi yake ni kufasiri mchezo: mguso ni alama tano, mkwaju wa baada ya mguso mbili, penalti tatu, na pasi lazima iende nyuma hata kama kila kitu mwilini kinataka iende mbele. Anajua majina ya utani ya wachezaji wote. Anajua nani ana mtihani Jumatatu. Ndani ya nusu saa watoto wanamshangilia mtu wasiyemjua kwa jina lake la utani, na hapo kazi imeisha.

Mtu huyo ana kazi nyingine nzito zaidi, na ndiyo inayotofautisha kundi hili na watoto wengine wowote. Raga ina machela. Mchezaji akianguka na asiinuke, uwanja hunyamaza, wahudumu hukimbia, na kwa mtoto ambaye nyumbani kwao simu ya usiku humfanya mama asimame wima, ukimya ule si wa mchezo. Kosa la kawaida la watu wazima hapo ni kusema haraka, "Hana neno, hana neno." Watoto hawa wanajua watu wazima husema hivyo hata pale neno lipo. Utaratibu wa huduma hii ni tofauti: mfasiri anaeleza anachokiona, kwa mfano kwamba wanamshika shingo ili asiigeuze, kisha anakwenda mwenyewe kwenye benchi kuuliza na kurudi na jibu la kweli, hata kama jibu ni kwamba amevunjika mtulinga na anapelekwa hospitali. Mtoto anapata habari yenye mwanzo na mwisho. Utaratibu huu peke yake ungetosha kuwapa nyota nne kati ya tano, na ndizo tunazowapa.

Nyota ya tano wameipoteza kwenye kipaza sauti. Mtangazaji wa uwanja, kwa nia njema, amezoea kualika makofi kwa "watoto wa mashujaa wetu" na kuwataka wasimame. Wengine husimama wakitabasamu. Wengine hutazama viatu. Hawa si yatima, na hawajafiwa na mtu. Baba yuko kazini mbali, na wanajeshi wa Kenya wamekuwa Somalia tangu Oktoba 2011, kwanza wenyewe, kisha chini ya misheni za Umoja wa Afrika: AMISOM, ATMIS na sasa AUSSOM. Mtoto wa miaka 13 hajawahi kuishi mwaka ambao misheni hiyo haikuwepo. Kwake ni kama mvua na kiangazi. Kumsimamisha mbele ya umati ni kumfundisha kwamba hali yake ni msiba. Na kiusalama ni kuwaonyesha wageni wote uwanjani watoto wa nani wameketi wapi na wataondoka na basi gani. Shirika lina kanuni kali ya picha, hakuna sura wala jina wala kikosi mtandaoni, kisha kipaza sauti kinaimwaga kanuni yote kwa sentensi moja. Barua fupi kwa uongozi wa uwanja siku mbili kabla ingelimaliza hilo.

Katika mkondo huo huo, wasiige ule mtindo wa Marekani wa mzazi kutokea ghafla katikati ya uwanja na mtoto kumkimbilia huku kamera zikimulika. Unaliza watu vizuri. Lakini kwa kila mtoto mmoja aliyekimbia kuna 27 waliobaki vitini wakitazama mlango ule ule.

Wanachofanya badala yake kina akili. Kabla ya kupanda basi kila mtoto hurekodi ujumbe wa sauti wa sekunde 30 kwenye simu ya mtu mzima aliyeambatana naye, na ujumbe huo hutumwa kwa aliye nyumbani, ambaye ndiye humtumia mzazi kwa njia waliyoizoea. Mtoto huelekezwa mambo matatu tu: matokeo, mchezaji bora kwa maoni yake, na jambo moja la kuuliza. Lile la tatu ndilo lenye kazi. "Nimekumiss" haihitaji jibu refu. "Baba, wewe ungecheza namba gani?" inaanzisha mazungumzo ya wiki nzima, hata mtandao wa kule ukiwa wa kuvizia.

Kujiandikisha ni fomu ya ukurasa mmoja. Utahitaji nakala ya kitambulisho cha mzazi au mlezi aliyebaki, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na maelezo ya afya: pumu, mzio, kifafa, dawa na saa zake. Wazazi wote wawili wakiwa jeshini na wote hawapo, anayesaini ni mlezi mwenye barua yao. Dada wa kazi hakubaliwi bila barua hiyo, hata awe amemlea mtoto tangu kuzaliwa. Uliza mambo mawili kabla ya kusaini, kwa kuwa fomu haiyasemi: karatasi hizo zitatunzwa wapi na kwa muda gani, na basi litawachukua ndani ya geti au barabarani. Jibu likiwa barabarani, omba libadilishwe.

Wenye watoto shule za bweni wataona Jumamosi nyingi nzuri za Februari na Machi zikipita. Likizo ya Aprili huwafaa, ila ndiyo miezi ya masika, kwa hivyo koti la mvua si la hiari. Mengine ni sweta kwa safari ya kurudi, viatu visivyoogopa tope, na kofia ya jua ya kawaida. Kofia ya kombati ya baba ibaki nyumbani. Raia kuvaa sare ya jeshi ni kosa, na askari wa getini hana muda wa kuuliza aliivua kichwani kwa nani.