Uzoefu wangu wa kupanga sauti ya mzunguko sebuleni kwa risiva ya chaneli 5.1

Risiva ninayoizungumzia, yaani mashine inayopokea sauti na kuigawa kwenye spika, ni ya daraja la kawaida, ya chaneli 5.1 (tano za spika na moja ya besi ya sabufa), niliyoinunua ikiwa imeshatumika pamoja na spika zake tano na sabufa. Nimeifunga katika sebule ya nyumba ya kupanga jijini Dar es Salaam, yenye sakafu ya vigae, kuta zilizopigwa plasta na madirisha makubwa ya alminiamu, yaani chumba ambacho sauti hugonga kila upande na kurudi. Sitaitaja kampuni, kwa kuwa ninayoyasifu na ninayoyalalamikia hupatikana katika mashine nyingi za aina hii. Kwa maoni yangu chombo hiki ni kizuri, ila uzuri wake umefichwa ndani ya menyu, na vitufe vingi vinavyovutia macho kwenye rimoti havina msaada wowote kwa mtu anayeanza.

Mpangilio uliobadilisha mambo kuliko yote haukuwa hata ndani ya risiva, ulikuwa kwenye runinga. Nimeunganisha king'amuzi na kisanduku cha intaneti kwenye runinga, na sauti inashuka kwenye risiva kwa waya wa HDMI kupitia tundu lililoandikwa ARC. Baadhi ya runinga hutoka kiwandani sauti yake ya kidijiti ikiwa imewekwa kwenye PCM, yaani sauti isiyobanwa, na kupitia ARC ya kawaida au waya wa mwanga, PCM hubeba chaneli mbili tu. Matokeo yake ni kwamba filamu iliyorekodiwa kwa chaneli sita hufika kwenye risiva ikiwa imekwisha kukunjwa kuwa mbili, na mwenye nyumba anabaki kushangaa kwa nini spika za pembeni zinanong'ona tu. Dawa yake ni kuingia kwenye menyu ya sauti ya runinga, na ya king'amuzi pia, na kuchagua Auto, Bitstream (sauti kupitishwa ikiwa bado imebanwa) au Dolby Digital, kisha kuangalia kioo cha risiva: kikionyesha Dolby Digital au DTS, ambazo ni aina za sauti iliyobanwa, badala ya PCM, sauti imefika bila kukunjwa na runinga. Ningemshauri yeyote afanye ukaguzi huu kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu kila marekebisho yatakayofuata yanautegemea.

Baada ya hapo ndipo inakuja maikrofoni ya kupimia. Karibu kila kampuni ina mfumo wake na jina lake: Yamaha wana YPAO, Denon hutumia Audyssey, Pioneer walikuwa na MCACC. Unaiweka maikrofoni mahali unapokaa, kwenye kimo cha masikio, risiva inapiga milio kwenye kila spika, kisha inajipangia umbali, kiwango cha sauti na ukubwa wa spika. Masharti yake ni kimya, na kimya cha Dar es Salaam hakipatikani kirahisi: nililazimika kuzima feni, kufunga madirisha na kusubiri usiku, kwa kuwa bodaboda moja ikipita nje katikati ya kipimo inatosha kuivuruga hesabu yote. Ni joto, lakini ni dakika chache tu.

Kwa umbali, mashine ilifanya kazi nzuri sana. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita moja huchukua karibu milisekunde 3. Spika zangu za pembeni ziko mita moja na nusu kutoka kwenye kochi wakati za mbele ziko mita tatu, na risiva huzichelewesha zile za karibu kwa milisekunde 4 na ushei ili sauti zote zifike pamoja. Nilipima kwa futi ya fundi na tofauti ilikuwa ndogo mno. Kwa sabufa tu ndipo namba ilizidi umbali halisi, na hapo usiisahihishe: saketi za ndani ya sabufa huichelewesha sauti kidogo, na mashine huihesabu ile chelewa kama umbali wa ziada.

Ambapo sikukubaliana nayo ni kwenye ukubwa wa spika. Iliziandika spika zangu za mbele kuwa kubwa, ingawa koni zake ni za inchi 5 tu, na maana yake ni kwamba besi yote ya mbele ilibaki kwao na sabufa ikaachiwa chaneli yake ya milipuko peke yake. Niliziandika zote kuwa ndogo, nikaweka krosova, yaani mpaka ambao besi iliyo chini yake hupelekwa kwenye sabufa, kwenye Hz 80 kwa za mbele na Hz 120 kwa zile ndogo za pembeni, na hapo hapo muziki ukapata kifua. Hz 80 ndicho kiwango kilichoenezwa na THX, kampuni ya viwango vya sauti za sinema, na kina mantiki yake: chini ya hapo sikio hupata shida kutambua besi inatokea upande gani, hivyo haijalishi sabufa imekaa kona ipi. Kitufe cha krosova kilicho nyuma ya sabufa yenyewe nilikizungusha hadi mwisho, ili kazi ya kuchuja ifanywe na risiva peke yake.

Mahali pa sabufa panastahili subira zaidi ya menyu yoyote. Ukiisukumia konani itavuma kwa nguvu, lakini kwangu kona ile ilifanya noti moja ya gitaa la besi izidi nyingine zote na kioo cha dirisha kikaanza kutetemeka kwenye fremu yake. Njia inayofaa ni kuiweka sabufa juu ya kochi unalokalia, kupiga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha kutambaa ukutani ukisikiliza. Pale ambapo noti zote zinasikika kwa usawa ndipo pa kuiweka. Majirani wakikuona watakuwa na maswali, lakini njia hii inafanya kazi. Kwangu palikuwa kando ya kabati la runinga, hatua chache kutoka konani.

Malalamiko ya nyumbani kwangu yalikuwa ya kawaida: Mama akitutembelea husema maneno hayasikiki, huku milipuko ikitikisa nyumba. Maneno mengi ya filamu hupita kwenye spika ya kati, kwa hiyo niliiongeza spika hiyo desibeli 2 juu ya kipimo cha maikrofoni, nikaiinua kidogo ielekee masikioni badala ya magotini, na nikatandika zulia zito mbele yake ili vigae visirudishe sauti. Zulia lilisaidia kuliko nilivyotarajia, na halimo katika kijitabu chochote cha maelekezo. Kwa usiku ipo hali ya kubana tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, ambayo hushusha milipuko na kupandisha minong'ono. Wapenzi wa sauti huidharau, lakini kwa mtu anayeishi ukuta kwa ukuta na wapangaji wengine, mimi naiona kuwa ni adabu.

Kuhusu zile hali zenye majina ya ukumbi, uwanja na kanisa, nilizijaribu na kuziacha, kwa sababu huongeza mwangwi ambao chumba cha vigae tayari kinao wa kutosha. Kwa filamu natumia hali isiyoongeza chochote. Kwa taarifa ya habari na vipindi vya chaneli mbili, Dolby Surround au Pro Logic II, kutegemea umri wa risiva, hupeleka maneno kwenye spika ya kati na kuyaacha makelele ya mazingira yaende pembeni, na mpira wa miguu unanufaika sana hapo: mtangazaji anabaki kati, mashabiki wanakuzunguka. Nyimbo za taarabu na Bongo Fleva nazisikiliza kwa spika mbili za mbele na sabufa tu. Ile hali ya spika zote kutoa sauti ileile naiwasha nyumba ikijaa wageni, na kwa kazi hiyo sina la kuilaumu.

Midomo ikichelewa kuliko maneno, kipo kipengele cha kuchelewesha sauti. Runinga yangu huchukua muda kuichakata picha, kwa hiyo niliongeza kidogokidogo nikimtazama msomaji wa habari hadi herufi b na p zikaangukia midomo inapofumba. Hapa ndipo nina lawama kubwa kwa risiva hii: hukumbuka thamani moja tu, na king'amuzi na kisanduku cha intaneti havilingani kwa ucheleweshaji, hivyo kila nikihama kutoka kimoja kwenda kingine inabidi nirudi kwenye menyu. Anayenunua, kama ataunganisha vifaa vyake moja kwa moja kwenye risiva, aulize dukani kama thamani hiyo huhifadhiwa kwa kila tundu, na aombe aonyeshwe kwenye skrini.