Umepata simu ya kioo cha kupinda? Hivi ndivyo vitu vya kununua, kuanzia cha maana zaidi

Kitambo simu za kioo cha kupinda, zile kioo chake kinashuka pembeni, si zile za kukunja, zilikuwa za wenye pesa tu. Samsung walileta Galaxy Note Edge mwaka 2014, hiyo ilikuwa imepinda upande mmoja, mwaka uliofuata wakaleta S6 edge ikapinda pande zote mbili, na bei yake ilikuwa ya kuuliza kisha unaenda zako. Saa hii Infinix Note 40 Pro iko na hicho kioo, Redmi Note 13 Pro+ iko nacho, Tecno Spark 20 Pro+ iko nacho, ata Infinix Hot 50 Pro+ ambayo ni ya familia ya bei ya chini. Kichekesho ni kwamba Samsung wenyewe walipofika S24 Ultra mwaka 2024 wakarudi kwa kioo bapa. Kwa hivyo watu wengi hapa Nairobi ndio wanashika simu ya aina hii mara ya kwanza, wanatoka nayo dukani Moi Avenue wakiwa na furaha, wanavuka kuingia Luthuli kutafuta protekta, na hapo ndipo wanauziwa mbuzi kwa gunia.

Wacha nianze na venye hiyo simu inakaa mkononi, kwa sababu hapo ndipo utajua unahitaji nini. Ukiitoa kwa boksi inaonekana nyembamba kuliko venye iko, kingo zinapotelea pembeni, video inakaa tamu, na ukiswipe kutoka pembeni kurudi nyuma kidole hakigongi ukingo wowote. Hiyo sehemu siwezi kudanganya, ni raha. Lakini inateleza kama sabuni ya kuoga, hasa zile zenye mgongo wa kung'aa. Ukitembea nje saa saba jua likiwa utosini, kila ukingo unachora mstari mweupe wa mwanga na maandishi ya pembeni hayasomeki vizuri. Alafu kuna hii ya kiganja kugusa kioo bila wewe kujua, unaandika meseji na mkono mmoja mara herufi zinakataa, kumbe nyama ya kidole gumba imelala pembeni na simu inadhani unaibonyeza. Hayo yote yanapungua ukinunua vitu sawa, na yanazidi ukinunua visivyo.

Ya kwanza kwenye orodha yangu ni kava, si protekta. Najua wengi watabisha. Sababu ni hii: kwenye hizi simu kioo cha nje kimegandishwa na paneli ya AMOLED, ile inayotoa picha, iliyo chini yake, na kwa sababu kimepinda, fundi wengi hawawezi kukubandulia glasi ya juu peke yake wakaacha paneli ikiwa nzima, kwa hivyo kikipasuka unanunua kitu kizima, na hiyo bei ukiisikia utataka kukaa chini kwanza. Simu ya kioo bapa ikianguka na ubavu, fremu ndiyo inapokea kishindo. Hii ya kupinda fremu yake ya pembeni ni kamstari tu, kwa hivyo kioo chenyewe ndicho kinakutana na lami. Protekta yoyote ile, ata ya bei gani, haitakusaidia sana hapo.

Sasa shida ya kava za simu hizi ni kwamba pembeni hazina mahali pa kushikilia, kwa hivyo mbavu zake huwa nyembamba sana na nguvu yote iko kwa kona nne. Ndiyo maana ukiwa dukani usiangalie rangi kwanza, pindua kava uangalie kona: ziwe nene, ziwe na kale kamfuko ka hewa ndani, na juu na chini ziwe zimeinuka kidogo kupita kioo. Jaribu hivi, vaa simu kava, ilaze kifudifudi kwa kaunta, telezesha kakaratasi ka risiti chini yake. Kakipita bila kukwama basi kioo hakigusi meza. Kava ya silikoni laini ya mia tatu mia tano inaweza kupita huo mtihani, na kuna za elfu mbili zinafeli. Ile ya bure inayokuja kwa boksi ni sawa ya kuanza nayo, usiitupe, ingawa zile za kuona ndani zitageuka njano baada ya muda, hiyo ni kawaida ya jua na joto, haimaanishi uliuziwa feki.

Kuna wenye wanapenda kava za kufunika kama kitabu. Mimi nilikuwa naziona za wazee lakini kwa hizi simu ziko na maana, kwa sababu zinafunika mpaka kule pembeni, na kama wewe ni wa kutupa simu kwa mkoba pamoja na funguo na sarafu, chukua hiyo na uachane na wanaocheka. Ubaya wake ni ukipigiwa simu kwa matatu, kufungua huku umeshika chuma na mkono mwingine si rahisi.

Ya pili ndiyo protekta, na hapa tuongee polepole kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea. Kuna aina nne utaonyeshwa.

Hydrogel ndiyo ningemwambia mtu achukue. Hiyo ni plastiki laini, mwenye stoli anachagua jina la simu yako kwa simu yake au kwa mashine, mashine inakata hapo hapo ukiona, anaibandika. Inafuata kona za kioo bila kubishana, kisoma kidole kilicho chini ya kioo kinasoma vizuri, na mikwaruzo midogo inajifunga yenyewe. Bei mara nyingi haiumi. Siku ya kwanza utaona viputo vidogo na mawimbi mawimbi, usianze kuvikwaruza na kucha, viache, vingi vitaisha. Na uelewe kitu kimoja: hydrogel ni ya mikwaruzo, si ya kuanguka. Vumbi ya hapa kwetu iko na mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko glasi ya simu, hiyo ndiyo adui wa kila siku. Ukiulizwa unataka ya kung'aa au ya matte, chukua ya kung'aa, matte inazuia mwanga wa jua kidogo lakini inafanya hiyo AMOLED yako ionekane na ukungu, na si ulilipia rangi?

Glasi ya UV, ile inabandikwa na gundi ya maji inayogandishwa kwa taa, ndiyo ya pili kwa protekta, na iko mbali na ya kwanza. Watu wanaipenda kwa sababu ni glasi kweli, ukiigusa inakaa kioo chenyewe, na ni kali kwa bei pia, inaweza kupita elfu moja bila shida. Kazi yake ikifanywa na fundi mzuri inapendeza kuangalia. Anaanza kwa kuziba spika ya sikio na vitufe kwa tepu, anafuta kioo mpaka hakuna ata unyoya, anaweka simu kwa kifremu iwe imelala sawa kabisa, anamimina gundi katikati, kisha anashusha glasi upande mmoja, polepole, gundi inatambaa yenyewe kuelekea kingo na yeye anangoja tu, hagusi, mpaka ifike kila kona, ndio anawasha taa ndogo ya zambarau na kuigandisha upande huu kisha upande ule. Fundi mwenye haraka anaruka tepu. Gundi inashuka kwa spika ya sikio na kwa kitufe cha kuwashia, taa inaigandisha humo ndani, na kuanzia hapo wenye wanakupigia utawasikia kwa mbali kama wako kisimani na kitufe kinabonyezeka kwa shida. Kwa hivyo swali la kuuliza stoli ni moja, unaziba spika na nini? Akikuangalia tu, shukuru utoke. Jambo lingine, glasi ya UV inafika mpaka mwisho wa kingo na kava ya kubana inaisukuma mpaka inabanduka, kwa hivyo nenda ukiwa na kava yako ujaribu zote pamoja.

Ya tatu ni ile glasi iliyopinda yenye gundi ya ukingoni peke yake. Katikati hakuna kitu, ni hewa. Ndiyo utaona mguso umepungua, kidole hakisomeki, vumbi inaingia inakaa huko na huwezi kuitoa. Simu zingine ziko na kiswichi kwa setingi cha kuongeza nguvu ya mguso, Samsung wako nacho kwa upande wa display, kinasaidia, lakini kwa nini ununue tatizo alafu utafute dawa. Ya mwisho kabisa ni glasi bapa ya kawaida ya mia mbili, ambayo mwenye stoli atakwambia "hii inaingia simu zote bosi wangu". Inaingia katikati tu, pembeni inaacha upenyo kotekote, na siku mbili ukingo wake unaanza kukukata kidole.

Na usitishwe na hiyo 9H imeandikwa kwa kila paketi. Hicho ni kipimo cha penseli, maana yake penseli ngumu ya 9H haijaikwaruza. Mchanga hausomi paketi.

Kama simu yako inasoma kidole kwa ultrasonic, yaani kwa mawimbi ya sauti, zile Samsung kubwa kuanzia S10 ya 2019, kuwa makini zaidi. Mwaka huo huo wa 2019 Samsung walikubali kwamba kuna protekta za silikoni zilifanya simu ikubali kidole cha mtu yeyote, ikabidi watume apdeti ya kurekebisha. Ukishabandika protekta yoyote futa alama za zamani usajili vidole upya, protekta ikiwa juu. Dakika mbili tu, na hapa kwetu simu ndiyo benki.

Namba tatu, chaja na kebo, na hii inategemea boksi. Redmi Note 13 Pro+ inachaji kwa wati 120 na inakuja na yake, hiyo itunze kama yai, kwa sababu ukiichomeka kwa chaja ya mtu mwingine itaingiza chaji lakini hautaona hiyo spidi. Samsung waliacha kuweka chaja kwa boksi tangu S21 ya 2021, kwa hivyo hapo utanunua, na kwa zile za wati 45 tafuta iliyoandikwa PPS, mfumo wa chaja kupanga volti kulingana na simu, pamoja na kebo ya ampea 5. Kebo ya kawaida ya USB-C ni ya ampea 3, haitakupeleka huko. Chukua ya pini tatu za hapa, achana na ya pini mbili na adapta juu yake, hiyo inalegea kwa soketi inaanza kutoa cheche. Chaja ya mia moja hamsini ya kando ya barabara mimi sichomeki kwa simu ya pesa hiyo, ata nikiwa asilimia mbili.

Pawabenki ni ya nne, na venye stima inapotea bila kuaga ningeiweka juu zaidi kama unakaa mahali pa kupotelewa sana. Hesabu yake watu hawaijui. Ikiandikwa 20,000 mAh hiyo ni ya seli za ndani za volti 3.7, ikipandishwa kuwa volti 5 inabaki kama 14,800, alafu nyingine inapotelea kwa joto, kwa hivyo simu ya betri ya 5,000 utaijaza mara mbili na kitu, si mara nne. Ukiona imeandikwa 50,000 na ni nyepesi mfukoni, hiyo ni stika tu. Kama unasafiri na ndege, mwisho mashirika mengi yanaruhusu ni 100 Wh (wati-saa) bila maswali, na hiyo ya 20,000 ukizidisha kwa volti 3.7 ugawe kwa 1,000 ni 74, uko sawa, ila ibebe mkononi, usiiweke kwa mzigo.

Vya sumaku ni vizuri kama simu yako inakubali. Note 40 Pro inachaji bila waya kwa sumaku, wati 20, na kava yake ya sumaku inafanya kazi poa. Lakini usibandike ile pete ya chuma ya kushikia kidole wala kale kasahani ka kubandika simu kwa gari nyuma ya simu ya kuchaji bila waya, chuma inazuia chaji na inapata moto. Ukitaka usalama wa mkono nunua kamba ya mkononi inayopita kwa tundu la kava, bei yake ni ya chai na mandazi, na kwa mtu anayekaa dirishani mwa matatu pale mzunguko wa Globe jioni hiyo kamba ningeipandisha juu ya chaja.

Vioo vidogo vya kubandika juu ya kamera ruka kabisa. Picha za usiku zitakuja na miduara ya mwanga kwa kila taa ya barabarani.

Ukienda, nenda asubuhi ya siku ya kazi kabla stoli hazijajaa, Jumamosi mchana fundi anabandika kumi kwa wakati mmoja na yako itapata vumbi. Beba simu na kava pamoja, na kabla ya kutuma pesa kwa till fanya haya ukiwa hapo kwa kaunta: piga simu usikize spika ya sikio, bonyeza vitufe vyote, fungua kwa kidole mara kadhaa, na uandike meseji ndefu ukigusa herufi za pembeni, ile q na ile p, kwa sababu glasi mbaya ndipo inaanzia kukataa.