Nilivyoipima sekondari msingi ya serikali mtaani kwetu

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ile nusu ni ya mwalimu mmoja tu, nitamfikia.

Shule yenyewe siitaji. Iko Eastlands, Nairobi, si mbali na Outer Ring Road, ni ya serikali, na ina shule ya msingi na sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) ndani ya ua mmoja. Binti yangu, kifungua mimba, amesoma hapo kuanzia Gredi ya 7 hadi Gredi ya 9. Alikuwa katika kile kikosi cha kwanza cha mtaala mpya wa CBC, waliofanya KPSEA, tathmini ya Gredi ya 6, mwishoni mwa 2022 na kuanza Gredi ya 7 mapema 2023 huku hata walimu wakibishana kama hao ni wa msingi au wa sekondari. Kabla ya hapo alikuwa akademi, shule ya kulipia. Sasa mdogo wake anaingia Gredi ya 7, na kila nikikaa kwenye chama au saluni swali ni lile lile: mama, ile shule iko aje? Nimechoka kulijibu vipande vipande.

Enzi za KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, jibu lilikuwa fupi. Uliuliza wastani wa shule ni ngapi kati ya 500, ukaambiwa, ukaamua. Olympic ya Kibera ilipata jina nchi nzima kwa njia hiyo, shule ya umma iliyozungukwa na mabanda. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023 na wastani ule ukaenda nayo. Hata hivyo wazazi bado tunautafuta, na shule zinajua. Siku hizi unaona bango langoni: watoto kadhaa wamepata EE1, yaani daraja la juu kabisa la kuzidi matarajio, picha zao, hongera.

Bango hilo mimi silisomi, na sababu iko kwenye hesabu za KNEC, baraza la mitihani, zenyewe. Alama inayompeleka mtoto Gredi ya 10 ni asilimia 60 kutoka KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 20 iliyobaki ni ya KPSEA, yaani mtoto aliibeba kutoka Gredi ya 6, pengine katika shule nyingine kabisa kama binti yangu. Tena zile za shuleni mwalimu wa hapo hapo ndiye husahihisha na kuzipakia mtandaoni. Kwa hiyo mtoto wa bango anaweza kuwa kazi ya akademi aliyotoka au ya mwalimu wa tuisheni wa jioni. Shule imepiga picha tu.

Ninachotaka kujua ni nani anasimama mbele ya darasa, na kama alisomea anachofundisha.

Sekondari msingi ina masomo tisa: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Sayansi Jumuishi, Sayansi za Jamii, Elimu ya Dini, Kilimo, somo la awali la ufundi, na Sanaa pamoja na Michezo. Kila darasa lina vipindi 40 kwa wiki. Mwalimu wa sekondari huhitimu kwa masomo mawili. Sasa chukua shule yenye mikondo mitatu kila gredi. Hayo ni madarasa tisa, vipindi 360 kwa wiki. Ikiwa na walimu tisa, kila mmoja angefundisha vipindi 40, yaani kutoka asubuhi hadi jioni bila nafasi ya kusahihisha hata daftari moja. Haiwezekani, kwa hiyo vipindi vingine havifundishwi. Ikiwa nao kumi na watatu, kila mmoja anabeba kama ishirini na vinane, na hapo kuna pumzi. Mzazi yeyote anaweza kupiga hesabu hii akiwa amesimama getini. Uliza mikondo mingapi, walimu wangapi, gawanya.

Nilipoenda mara ya kwanza niliuliza hivyo hivyo. Mwalimu mkuu alianza kunionyesha jengo jipya. Nikamwambia, mwalimu, jengo nimeliona, ni zuri, walimu wa sekondari msingi ni wangapi? Akacheka, akaniambia, wawili. Mapema 2023 hali ilikuwa hiyo karibu kila mahali, kwa hiyo sikumhukumu. Nilichompendea ni kwamba alinijibu. Baadaye walikuja wengine, na kufikia Gredi ya 9 idadi ilikuwa ya kuridhisha, ingawa Kilimo kilifundishwa muda mrefu na mwalimu wa Dini, na Sayansi Jumuishi ilipokezanwa kama mtoto wa harusini hadi alipofika huyo mwalimu wangu wa nusu nyota.

Idadi hata hivyo ni ya karatasini. Ukweli uko kwenye daftari. Katikati ya muhula, muombe mtoto wa jirani anayesoma hapo akuonyeshe daftari la Sayansi Jumuishi, si lile la Kiingereza ambalo hata shule mbovu hulijaza. Sayansi Jumuishi ina vipindi vitano kwa wiki. Angalia tarehe. Kama kutoka somo moja lililoandikwa hadi jingine kuna wiki mbili, hapo katikati darasa lilikaa likipiga kelele. Kisha tafuta kalamu nyekundu. Alama ya vema juu ya kila ukurasa bila neno lolote ni mwalimu aliyepitisha rundo jioni moja kabla ya maafisa wa elimu kuja. Unachotafuta ni pale alipoandika: rudia hii, mchoro hauna majina, njoo unione.

Binti yangu alikuwa na daftari la kila aina. Hisabati lilikuwa safi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kiswahili pia, insha zimesahihishwa hadi nukta. La ufundi, hasa Gredi ya 7, lilikuwa na michoro mitatu na ukimya. Nikapeleka hilo daftari kwenye mkutano wa wazazi na nikaliinua. Hawakufurahi. Lakini mwalimu wa darasa alinifuata nje akaniambia, mama, endelea kuuliza, sisi tukiuliza tunaonekana wakorofi.

Hilo nalo ni la kupima: jinsi walimu wa pande mbili wanavyoishi. Ua ni mmoja na mkuu ni mmoja, lakini kipindi cha msingi ni dakika 35 na cha sekondari msingi ni dakika 40, basi kengele hugongwa kwa mafungu, na kila inapolia kuna darasa fulani linalotoka nje wakati jingine lingali na hesabu ubaoni. Nchi nzima walimu wa sekondari msingi wamekuwa wakidai wajitegemee, wasiwe chini ya uongozi wa shule ya msingi. Katika shule yetu vita hivyo vilikuwa vya baridi. Walikuwa na vyumba viwili vya walimu na chai mbili, na ujumbe wa upande mmoja ulifika upande wa pili kwa mdomo wa wanafunzi. Ukiingia shule ukakuta wanakunywa chai pamoja, mwandikishe mtoto kabla nafasi hazijaisha.

Kipimo kikubwa kuliko vyote kilikuja 2024 bila kuitwa. Kwanza mafuriko yalisogeza kufunguliwa kwa muhula wa pili kutoka 29 Aprili hadi 13 Mei. Watoto hawajatulia, walimu wanagenzi, wale wa mkataba wa muda wanaosubiri ajira ya kudumu, wakagoma. Hao walikuwa wakilipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakifanya kazi ile ile ya mwalimu aliyeajiriwa, na mahakama ya kazi ilikuwa imesema Aprili kwamba TSC, tume ya kuajiri walimu, haikuwa na haki ya kuwaajiri kwa mpango huo. Siwalaumu hata kidogo. Kwa Nairobi, ukitoa kodi ya nyumba na nauli kwenye pesa hiyo, unabaki na nini?

Katika wiki zile shule zilijitenga zenyewe. Kuna zilizowaambia watoto wabaki nyumbani. Kuna zilizowaweka darasani na kiranja ubaoni. Yetu ilifanya jambo la katikati: mkuu aliwachukua walimu wa shule ya msingi wenye digrii, akawapanga Hisabati, Kiingereza na Kiswahili, na masomo mengine akayaacha wazi bila kudanganya mtu. Alituandikia ujumbe wa simu ukitaja wazi masomo ambayo hayafundishwi, ili anayeweza asaidie nyumbani. Ujumbe huo peke yake naupa nyota nzima. Akademi tuliyotoka haikuwahi kuniambia kitu chochote hakifanyiki.

Sasa huyo mwalimu. Alikuja kama mwanagenzi, Kemia na Hisabati, kijana anayepanda matatu mbili kufika. Maabara ya shule ni chumba chenye meza ndefu na sinki lisilo na maji, chupa chache na kabati lililofungwa. Kwa somo la asidi na besi alichemsha maua mekundu yaliyochumwa kwenye uzio wa jirani, ili maji yake yabadilike rangi kuonyesha asidi au besi, akawaambia watoto walete kutoka nyumbani limau, siki, magadi na sabuni ya kufulia, kila kundi na gilasi zake. Binti yangu alirudi akanimalizia magadi yangu ya githeri akijaribu tena. Tangu siku hiyo hatukuhitaji kumwambia asome Sayansi. Mgomo ulipoisha alirudi, na pale wanagenzi walipothibitishwa kazini 2025 nilifurahi kama ameajiriwa ndugu yangu. Daftari lake ndilo lililokuwa na maneno mengi mekundu kuliko yote. KJSEA ilipotoka, Sayansi ndiyo ambayo binti yangu alizidi matarajio, na katika mengine mengi aliyafikia.

Pesa. Serikali inasema hatulipi, na kwa karatasi ni kweli: mgao ni Sh15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi kwa mwaka. Huja kwa awamu na huchelewa, kwa hiyo shule inakutafuta wewe. Tulilipia karatasi za mitihani na fulana ya michezo, na kwa muda tukalipia masomo ya alfajiri ambayo yalikuwa ya hiari hadi mtoto asipokuja. Nilikuwa naomba risiti kila mara. Karatasi na fulana nilipewa, alfajiri sikupewa, nikaacha kulipa. Hakuna aliyenifuata. Vitabu vya Gredi ya 9 vilichelewa mwanzoni mwa 2025 kwa sababu wachapishaji walikuwa wakiidai serikali, na hilo si kosa la shule, ingawa kuna mwalimu aliyekuwa akituuzia nakala za fotokopi kwa haraka ya ajabu.

Vyoo ni safi asubuhi. Maji huja kwa ratiba kama mtaani kote. Mtoto wangu mdogo, alipokuwa bado upande wa msingi, alikuwa akila chakula cha mchana cha mpango wa kaunti kwa Sh5 kwa kugusisha bangili yake, na ni chakula kizuri, anakisifu kuliko changu. Kuvuka barabara asubuhi ndiko kunakonitia hofu, lakini wana askari wa kuwavusha watoto.

Kiboko kipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakikataza, mkuu anakikataza mkutanoni, na kuna mwalimu mmoja aliyetembea na kipande cha bomba la maji hadi wazazi wa Gredi ya 8 tulipoandika barua kwa bodi. Bomba likatoweka wiki hiyo hiyo. Ukitaka kujua hali ya shule unayoitazama usiulize ofisini. Waulize watoto wa Gredi ya 8 wakiwa njiani kurudi nyumbani, na uulize wakiwa kundi. Mmoja akisema hakuna, wengine watacheka.

Nyota walizopoteza vibaya zaidi ni za Gredi ya 10. Mtoto anachagua njia moja kati ya tatu, STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo, kisha mseto wa masomo, kisha shule kumi na mbili. Ni uamuzi mzito kwa mtoto wa miaka kumi na minne na kwa mzazi aliyesoma mfumo wa zamani wa 8-4-4. Shule yetu iliitisha mkutano mmoja, Ijumaa saa nane mchana, wakati wengi wako kazini, na aliyezungumza alisoma waraka wa wizara neno kwa neno. Wasichana kadhaa wa darasa la binti yangu walijikuta wamejaza STEM kwa sababu rafiki amejaza. Wetu tulikaa naye mezani na mwalimu wa Sayansi kwenye simu, saa tatu usiku, bila malipo. Kama shule unayoipima haina mtu anayeweza kukueleza mseto wa masomo na kazi unayoelekea, jua kazi hiyo ni yako, na uianze Gredi ya 8.

Je, ningependekeza? Kwa mzazi anayeweza kufungua daftari kila wiki na kuhudhuria mikutano, ndiyo, tena kuliko akademi nyingi za Pipeline na Kayole zilizo kwenye ghorofa za kupanga, ambako mwalimu hubadilika kila muhula na uwanja wa michezo ni ngazi. Kwa anayetaka kulipa na kusahau, hapana, hapa mtoto wake atapotelea katikati ya darasa la watoto sitini na kitu.

Mtoto wangu mdogo anaanza Gredi ya 7 hapo hapo. Nasikia mwalimu wa Kilimo, yule waliompata hatimaye, ameomba uhamisho, kwa hiyo muhula huu daftari la kwanza kufungua ni hilo.