Kamera ya kuongoza darubini: Raspberry Pi au maikrokontrola?

Kama unataka kujiundia kamera ya kuongoza darubini (inayofuatilia nyota na kusahihisha mwendo wa stendi ya darubini) inayojitegemea, yaani bila kubeba laptopu, njia ni mbili na mi nishachagua upande. Maikrokontrola, yaani chipu moja yenye kikompyuta kidogo ndani, inawaka papo hapo na inakula umeme kidogo sana, ila kila kitu unaandika mwenyewe: kusoma sensa, kutafuta kitovu cha nyota, kutuma pulsi kwenye tundu la ST-4 la stendi ya darubini, zile nyaya nne za kusukuma pande nne na moja ya ardhi. Memori nayo kiduchu, mara nyingi picha nzima haikai, unakata kipande chenye nyota tu.

Raspberry Pi, kompyuta kamili ya bodi moja ndogo, inachelewa kuwaka, na ukichomoa waya ghafla memori kadi inaweza kufa. Lakini unaweka PHD2, programu ya bure ya kuongoza darubini, hesabu zote unazikuta. Na sisi wa Dar tupo kama nyuzi 7 kusini ya ikweta, ncha ya anga, ile nukta nyota zinaonekana kuizunguka na stendi inatakiwa ielekezwe kwake, imelala chini karibu na upeo, nyuma ya maghorofa na mawingu, sasa utailengaje? PHD2 inakupimia nyota inavyohama we unarekebisha stendi taratibu, kitu ambacho kuandika mwenyewe kwenye maikrokontrola ni kazi ya miezi bana. Mi Pi.