Oveni ndogo ya umeme niliyonunua Birere: samaki ndiyo, keki hapana

Kama unataka oveni hizi ndogo za mezani kwa ajili ya keki, ngoja kwanza usome. Yangu ina kioo mbele na vifundo vitatu: cha joto, cha dakika, na cha kuchagua moto wa juu, wa chini au wote. Nililipa dola 60 Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, kwa sababu bei ya makala, yaani mkaa, imenichosha.

Nikaoka keki ya komunyo ya kwanza ya binti yangu. Unga nusu kilo, mayai, margarini, sukari, maziwa ya Masisi. Joto nyuzi 180, moto wa juu na wa chini. Robo saa haijaisha, jirani anaita toka uani: "Yaya, kuna kitu kinaungua kwako?" Juu keki ilikuwa imeshakauka na kuwa nyeusi, katikati imepasuka, na rojo bichi linapanda kwenye ule ufa, linadondokea waya wa chini na kutoa moshi. Kisu kilitoka kimejaa uji. Iliniuma sana, maana mtoto alikuwa amesimama pale pale akingoja.

Watu wataniambia ni mwinuko. Ni kweli Goma iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka karibu nyuzi 95, na hewa iliyo ndani ya rojo inatanuka upesi, kwa hiyo beking pauda lazima ipunguzwe. Lakini kipimo changu kimepunguzwa tangu zamani, na rojo hilo hilo linaiva vizuri kwenye mbabula, jiko la makala: sufuria kubwa, mchanga mweusi chini, makala machache juu ya kifuniko. Mji ni ule ule, mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni oveni.

Nikaipima kwa sukari. Sukari nyeupe huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi, kwa hiyo kwenye 160 inatakiwa ibaki chembe chembe. Nilitandaza sukari kwenye karatasi ya alumini, nikaweka kifundo kwenye 160, nikaacha robo saa. Nyuma upande wa kulia ilikuwa imeyeyuka na kuungua, katikati imekuwa kahawia, karibu na mlango bado nyeupe kabisa. Ndipo nikaangalia ule mlango vizuri: haufungi sawasawa, unaacha upenyo unaopitisha ncha ya kisu. Joto linatoka mbele, nyaya zinawaka bila kupumzika, na waya wa juu uko karibu mno na chombo. Ganda linakauka kabla ndani hakujaiva, na rojo likitaka kupanda halina njia ila kupasua.

Nilirudi dukani. "Mama, ikishatoka kwenye katoni hairudi." Hilo sikulipenda, na nalisema wazi: kitu cha umeme kijaribiwe mbele ya mnunuzi.

Kwa haki yake, samaki inawachoma vizuri ajabu. Tilapia yenye limau na pilipili, moto wa juu peke yake, ngozi inakauka vizuri na nyama inabaki laini. Mikate midogo pia inatoka vizuri ukitumia moto wa chini tu, ukafunika kwa alumini na kugeuza trei katikati ya kuoka. Keki za vikombe zinapita. Keki kubwa ya sherehe, hapana, nimeirudisha kwenye mbabula.

Naipa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za samaki. Ukienda kununua, omba waichomeke hapo hapo, pitisha karatasi kwenye ukingo wa mlango uliofungwa. Ikiteleza bila kushikwa, mwachie oveni yake. Na ubebe sukari kidogo na karatasi ya alumini kwenye mkoba. Muuzaji akikataa robo saa hiyo, nenda duka la pili.