Uzamili wa Uhifadhi: Masomo ya Darasani au Utafiti?

Uzamili wa masomo ya darasani huchukua mwaka mmoja au miwili: ikolojia, sera, takwimu, ramani za kompyuta, kisha tasnifu fupi. Unamfaa anayetaka kusimamia hifadhi au kushauri serikali, hasa baada ya mataifa kukubaliana, Desemba 2022, kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030. Kazi hiyo inadai watu wanaoelewa sheria na jamii, si wanyama pekee.

Wa utafiti ni safari nyingine kabisa. Unalishika swali moja, tuseme kwa nini vyura fulani hufa kwa kuvu wa ngozi na wengine hupona, na unaishi nalo hadi likupe jibu. Hapa msimamizi ana uzito kuliko jina la chuo. Soma makala zake, zungumza na wanafunzi wake, ndipo utume maombi. Anayelenga uzamivu ningemshauri achague huku bila kusita.

R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, hutumika pande zote mbili, na hutolewa bure. Anza kujifunza kabla ya muhula wa kwanza.