Nywele Ndefu za Mawimbi: Ununue Nini Kwanza, Nini Baadaye, na Nini Ukiache Dukani

Binamu yangu alinijia na chupa saba ndani ya kikapu, akazipanga juu ya mkeka kama muuzaji wa Marikiti. Mafuta ya amla, mafuta ya nyonyo, siramu ya kung'arisha, krimu mbili za kurutubisha, dawa ya kupuliza yenye chumvi ya bahari, na kopo la jeli ya kijani ambalo hata hakuwa amelifungua. Nywele zake zinamfika kiunoni. Siku hiyo zilikuwa zimelala utosini kama zilizopigwa pasi, ncha zimetimka. "Da, singa yangu imeharibika," akasema.

Nikamwambia aingie bafuni azioshe, azilowanishe vizuri, asizichane, atoke hivyo hivyo. Alipotoka nikamgeuza. Nyuma ya shingo, mahali ambapo mafuta huwa hayafiki sana, kila shungi lilikuwa limejipinda kama herufi S. Singa hana, wala hajawahi kuwa nayo. Ana mawimbi, na vitu sita kati ya vile saba vilikuwa vikiyazamisha.

Andre Walker, aliyekuwa msusi wa Oprah Winfrey, alizigawa nywele katika makundi manne: 1 ni singa, 2 mawimbi, 3 za kujiviringa, 4 kipilipili. Kwetu pwani, na kwa ndugu zetu wa Oman, nyumba moja inaweza kuwa na dada watatu na makundi matatu. Shida ni kwamba rafu za maduka mengi zimejaa krimu nzito za kundi la 3 na la 4, na mafuta mazito ya kulaza singa. Mwenye mawimbi ananunua huku na huku, kisha analaumu nywele zake.

Kabla ya orodha, jambo moja la kuuongoza mkoba wako. Maji yakiingia ndani ya unywele hulegeza vifungo vidogo vinavyoupa umbo. Maji yakitoka, vifungo vinajifunga tena katika umbo lile lile ambalo unywele umekaushwa nalo. Kwa hiyo wimbi huamuliwa nywele zikiwa mbichi. Kinachopakwa juu ya nywele kavu huongeza mng'ao, au uzito, basi. Pesa zako ziende kwanza kwenye kitu kitakachogusa nywele mbichi, tena kiwe chepesi, maana nywele ndefu tayari zinajivuta zenyewe kwenda chini.

Kabla ya kununua chochote: leso kuukuu

Hii haina namba kwa sababu unayo tayari. Taulo lina vijitanzi vidogo vinavyokwaruza na kuvuruga wimbi kabla halijakaa. Chukua leso ya pamba (kanga, kwa wenzetu wa Unguja na bara) iliyofuliwa mpaka ikalainika. Mpya haifai, ina wanga, ni ngumu, na rangi inaweza kuchuja. Itandaze kitandani, inama, acha nywele zijikunje zenyewe juu yake kama akodiani, kisha funga nyuma ya shingo. Dakika kumi na tano zinatosha. Usisugue. Fulana kuukuu ya mume nayo inafanya kazi, ukimpata akikubali.

1. Kondishena nyepesi ya kuosha na kutoa

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua hiki. Kazi yake kubwa ni utelezi: kuzichambua nywele zikiwa bado bafuni zimeloa chapachapa, kwa vidole kisha kwa kitana chenye meno yaliyoachana, ukianzia nchani ukipanda juu. Baada ya hapo kitana kisiguse tena mpaka safari nyingine ya kuosha. Mwenye mawimbi anayechana nywele kavu anapata kichaka, na kichaka hicho ndicho watu wengi hukiita "singa iliyoharibika".

Geuza chupa usome nyuma. Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo yale majina matano au sita ya mwanzo ndiyo bidhaa yenyewe. Picha ya parachichi mbele ya chupa ni pambo. Ukiona maji, kisha cetearyl alcohol au cetyl alcohol, usiogope neno alcohol. Hizo ni za mafuta, zinalainisha, hazikaushi kama spiriti. Behentrimonium ni jina zuri la kuliona, ndilo linaloleta utelezi. Siagi ya shea ikiwa ya pili au ya tatu, mwachie dada yako mwenye kipilipili. Majina yanayoishia na -cone, kama dimethicone, ni silikoni: hayana sumu, ila mengi hujilimbika juu ya unywele ukiosha kwa shampuu laini, na baada ya wiki kadhaa wimbi linachoka. Kama silikoni iko karibu na mwisho wa orodha, mimi huwa sijali.

Kuhusu ukubwa wa chupa, hapa ndipo wenye nywele ndefu hupoteza pesa. Nywele za kiunoni zinakula kiganja kizima, wakati mwingine viwili, kwa kuosha mara moja. Kichupa kidogo chenye umbo la kuvutia kitaisha kabla ya mwezi. Tafuta chupa kubwa yenye pampu, hata ya jina lisilojulikana, mradi orodha yake ni safi. Paka kuanzia masikioni kwenda chini. Kisha jaza maji viganjani, finya nywele kutoka nchani kwenda juu mpaka usikie chwaka-chwaka. Mlio huo ukiupata, maji na kondishena vimeingia. Suuza, lakini usimalize kabisa. Uache utelezi kidogo ubaki nchani, na hiyo ndiyo sababu huoni kondishena ya kuacha kichwani katika orodha yangu.

2. Jeli

Binamu yangu aliiogopa jeli kwa sababu ya saluni: kichwa kilichokakamaa kama plastiki. Kukakamaa kule ni hatua tu. Jeli ikikauka hutengeneza ganda linaloshika wimbi wakati vifungo vinajifunga. Nywele zikishakauka kabisa, ganda unalivunja kwa kuzifinyafinya mikononi, na kinachobaki ni wimbi laini lenye umbo. Wanaolivunja nywele bado mbichi kidogo ndio wanaopata vuruvuru, halafu wanasema jeli ni mbovu.

Zangu nazipanga hivi. Ya kwanza ni ute wa mbegu za kitani, zile ambazo wauzaji wa vyakula vya afya huziita flaksi. Robo kikombe cha mbegu, vikombe viwili vya maji, moto wa wastani, ukikoroga mpaka ianze kuvuta kama ute wa yai. Chuja hapo hapo ingali moto; ukisubiri ipoe utachujia soksi usiku kucha na hutapata kitu (nimeyafanya haya, tena kwa soksi ya shule ya mwanangu). Weka kwenye friji, tumia ndani ya wiki moja, ikianza kunuka mwaga. Ni nyepesi, ni rahisi, na robo kilo ya mbegu inakwenda miezi. Bamia pia hutoa ute, lakini mshiko wake ni mdogo na jikoni kwangu bamia ina kazi nyingine.

Ya pili ni jeli ya dukani iliyo wazi kama kioo, yenye PVP au kitu cha namna hiyo cha kushika. Rangi ya jeli haina maana yoyote, ya kijani au ya buluu ni ile ile. Angalia gliserini tu. Gliserini hunyonya maji hewani, na majira ya kaskazi Mombasa au Dar, hewa ikiwa nzito kama shuka mbichi, nywele zenye gliserini nyingi huvimba kabla hujafika stendi. Nairobi jeli hiyo hiyo inaweza kukupendeza mwaka mzima.

Ya tatu ni povu la kopo, kwa wenye unywele mwembamba sana ambao hata ute wa kitani unawalaza. Krimu ya kutengeneza mikunjo ni ya mwisho kabisa. Harufu nzuri, matokeo bapa.

Jaribio la kufanya nyumbani: changanya tone la kondishena yako na tone la jeli kiganjani. Zikichanganyika laini, zitaelewana kichwani. Zikitoa vijidonge vyeupe, vijidonge hivyo utatembea navyo begani kama mba.

Jeli ipakwe nywele zikiwa zinachuruzika, kabla ya leso. Baada ya hapo mikono ikae mbali.

3. Shampuu, na habari ya maji yetu

Shampuu laini isiyo na sulfeti kali, yaani isiyo na sodium lauryl sulfate mwanzoni mwa orodha, mara moja au mbili kwa wiki, ngozi ya kichwa tu. Povu linalotiririka linatosha kwa urefu uliobaki. Sikupi jina, nyingi zinafanana.

Maji ndiyo yanayonisumbua zaidi kuliko shampuu. Anayeoga maji ya kisima Mombasa au Unguja, juu ya mwamba wa matumbawe, anaoga chokaa, na mara nyingine na chumvi. Chokaa hukaa juu ya unywele, ukiugusa ni kama kamba ya katani, na kondishena ya bei yoyote haitafua dafu. Nunua shampuu ya pili, ya kusafisha kwa kina, yenye neno EDTA nyuma ya chupa, uitumie mara moja kwa mwezi. Ama hifadhi ndoo moja ya maji ya mvua kwa suuzo la mwisho. Masika ya mwaka juzi nilifanya hivyo mwezi mzima, na jirani akaniuliza nimebadilisha dawa gani.

Unga wa majani ya mkunazi nao ni wa hapa. Bibi zetu waliosha nao, na Waomani hawajauacha. Kule waulize sidri. Una povu lake la asili, unasafisha bila kukwaruza, na nywele zinatoka zimejaa. Dosari yake ni chembechembe. Kwa nywele ndefu, upepete kwenye kitambaa chepesi kwanza, la sivyo utazichambua mpaka Alhamisi.

4. Satini ya kulalia

Foronya au kofia, yoyote. Kofia za kawaida ni fupi, nywele za kiunoni zikiingia zinajikunjakunja ovyo na mpira unakuacha na alama ya paji. Tafuta ile ndefu kama mfuko, au nenda Biashara Street, Mombasa, ununue kitambaa umpe fundi akushonee. Usiku zibebe zote juu ya utosi, zifunge kwa bendi ya kitambaa, legevu, mzunguko mmoja. Asubuhi zitikise. Ukipenda mkia mmoja mlegevu uliosukwa, sawa, ila wimbi utakaloamka nalo litakuwa la msuko.

5. Draya yenye bakuli la vidole

Anasa, lakini anasa yenye maana wakati wa kusi, nywele ndefu zinapokaa mbichi tangu asubuhi mpaka magharibi. Bakuli lile hutawanya upepo usizipeperushe nywele. Kama una draya tayari, nunua bakuli peke yake, lakini kapime mdomo wa draya kwanza, maana hayafanani. Joto la chini, ukipandisha mashungi ndani ya bakuli na kuyaacha.

Vya kuacha dukani

Dawa ya kupuliza ya chumvi. Jamani, sisi tunaishi na bahari. Chumvi hukausha, na ukitoka kuogelea unatakiwa uisuuze, si kuinunua.

Siramu, kama umeanza na nywele safi na jeli, huihitaji. Matibabu ya kunyoosha ya saluni yaache kabisa: baadhi hutoa fomaldehidi yakipigwa moto, na wimbi lililonyooshwa kwa dawa za kudumu halirudi, unasubiri liote jipya, kama sentimita moja kwa mwezi. Kwa nywele za kiunoni, piga hesabu mwenyewe. Piko nalo, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini, usilitie kichwani.

Mafuta sasa. Najua nitagombezwa. Mafuta mengi ya amla ya dukani, ukisoma nyuma, cha kwanza ni mafuta ya madini. Hukaa juu na kulaza kila kitu. Nyonyo ni gundi. Mafuta ya nazi ni habari nyingine, ila saa yake ni kabla ya kuosha. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mafuta ya nazi hupunguza protini inayopotea kwenye nywele, wakati ya alizeti na ya madini hayakufanya hivyo. Walikuwa watumishi wa kampuni ya Marico, wenye mafuta ya nazi ya Parachute, ile chupa ya buluu, kwa hiyo lisome ukilijua hilo. Hata hivyo bibi alikuwa akinipaka Alhamisi jioni na kuniosha Ijumaa asubuhi, miaka mingi kabla ya 2003.

Binamu yangu aliondoka na jeli yake ya kijani na chupa ya nazi niliyomwongezea. Vile vingine sita vimebaki kwangu, siramu imeniponyea bawaba ya mlango wa bafuni. Wiki ya tatu alinitumia picha akiwa ametoka kufukiza nywele udi, mgongo umeigeukia kamera, mawimbi mpaka kiunoni, na chini ameandika: "Hii ganda naivunja sasa au bado?"